Ng'ombe Asiyetajwa

Mwalimu Yoramu alikuwa Mgogo asiyejua ng'ombe, na pale Miyuji hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko kuzaliwa na vidole sita. Hakujua kukamua. Hakujua kuswaga. Watoto wa miaka saba walimwonyesha mtamba aliyefikia kupandwa, yeye akasema ndama, nao wakainamisha vichwa kwa adabu ili wasimcheke usoni. Kosa halikuwa lake. Alikuwa na miaka mitano hivi, huko kwao upande wa Mpwapwa, ugonjwa wa sotoka ulipopita ukaacha mazizi matupu nchi nzima. Baba yake alikufa miezi michache baada ya fahali wake wa mwisho, na mama akamshika mtoto mkono akampeleka misheni, kwa sababu misheni kulikuwa na uji.

Akakulia huko. Akanywa uji, akajifunza kusoma na kuandika, halafu akafundishwa hesabu, na hesabu zikamteka moja kwa moja. Wenzake walizikimbia, yeye alizifuata mpaka nje ya darasa. Kwa mtoto aliyeona kila kitu cha kwao kikiisha, ilimtuliza kujua kwamba saba na tano ni kumi na mbili hata mvua isiponyesha. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, maana alijua lingesikika la kijinga, lakini ndilo lililomfanya awe mwalimu.

Alipofika miaka ishirini na mitatu misheni ikamtuma afungue shule Miyuji. Shule yenyewe ilikuwa tembe moja, paa lake la udongo. Masika nyasi ziliota juu, mbuzi wakapanda kuzila, na kila mbuzi alipopiga hatua vumbi likawashukia wanafunzi vichwani. Palikuwa na ubao mmoja uliopakwa masizi, na chaki za kuhesabika, kwa hiyo watoto waliandika kwa vijiti kwenye udongo uliofagiliwa. Akaoa hapohapo. Anyesi alikuwa binti wa wafugaji, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi, na mahari aliyotolewa ilikuwa mbuzi wachache wa kuungaunga ambao baba mkwe aliwapokea huku akicheka. Yoramu naye alicheka. Alimpenda mkewe, aliipenda shule yake, na hakuwa na haja ya kitu kingine.

Tatizo la kufundisha hesabu Miyuji lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa na kazi na namba kubwa. Mia ilitosha kila mtu. Kisha Wadachi wakafikisha reli Dodoma, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na mabehewa yakaja yameandikwa namba ubavuni kwa rangi nyeupe: elfu hivi, mia hivi na kadhalika. Yoramu alifurahi kuliko mfanyabiashara yeyote wa pale stesheni. Kila Jumamosi aliwapanga watoto, wakaenda kusimama kando ya reli, wakasoma namba za mabehewa kwa sauti mpaka mlinzi akachoka kuwafukuza. Darasani walihesabu mabehewa, wakahesabu kokoto, wakahesabu mabunzi. Ng'ombe hakuwagusa kabisa. Hakutaka kuchekwa.

Kila mwaka baada ya mavuno alikuja mkaguzi. Alikuwa Mwalimu Bartolomayo, mtu mzima, mzaliwa wa milima ya Kibakwe, aliyezunguka shule zote za misheni kwa miguu akiwa na viatu vya buti, mwavuli na daftari. Watu walimwogopa. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki mwenye daftari huogopesha zaidi. Mwaka huo wa kwanza alisimama mbele ya watoto kumi na tisa, akafikiri namna ya kuwapendeza, akaamua kutunga maswali yake yote kwa ng'ombe.

Mzee ana ng'ombe mia tatu arobaini na nane, na wana watatu: kila mwana atapata wangapi? Jibu ni mia moja na kumi na sita. Watoto wote kumi na tisa wakaandika mia moja na kumi na tano. Zizi moja lina ng'ombe sabini na watano, la pili lina sitini: jumla? Wote wakaandika mia moja thelathini na nne. Akauliza maswali sita, akapata makosa sita, kila moja limepungua moja, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetofautiana na mwenzake. Yoramu alisimama nyuma akiyarudia maswali kwa vidole. Watoto hawa wangeweza kujumlisha namba za treni nzima.

Bartolomayo hakupaza sauti. Alisema kwamba watoto kumi na tisa hawawezi kukosea kosa moja kwa bahati mbaya. Ama wanaibiana majibu, ama mwalimu wao ndiye amewafundisha vibaya. Kisha akamwita Yoramu pembeni.

"Mwanangu, ubao na chaki ni vichache, na shule ya Mlali wanavililia," akasema. "Mwaka ujao nikikuta hivihivi, nafunga hapa. Wewe utarudi Mpwapwa, tutakutafutia kazi bustanini."

Yoramu alirudi nyumbani mchana huohuo akamkuta Anyesi anatwanga uwele. Akaketi kizingitini akamweleza yote, swali kwa swali, na alipofika kwenye lile la wana watatu mkewe akaacha kutwanga. Akamtazama kama anayemtazama mtu aliyevaa nguo nje ndani na kushinda nayo sokoni.

"Kwani hukujua?" akauliza.

Hakujua nini? Anyesi akaweka mchi chini, akamweleza taratibu. Katika nyumba za bonde lile hakuna aliyetaja ng'ombe wake wote. Ukiulizwa una wangapi, unamwacha mmoja. Ni yupi, husemi, na wala hujiulizi. Ukitaja wote umefunga hesabu, na zizi lililofungwa hesabu haliingizi tena, linatoa tu. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote, mama zao na bibi zao, na mtoto hujifunza kumwacha mmoja kabla hajajifunza kufunga mlango wa zizi.

"Kuku wangu ni wangapi?" akamuuliza mumewe.

"Saba."

"Nenda kawahesabu."

Akaenda, akarudi. Walikuwa wanane. Tangu waoane Yoramu alidhani yule wa nane ni wa jirani, na mara mbili alikuwa amemfukuza kwa jiwe. Alicheka mpaka akakaa chini vumbini, na alipomaliza kucheka akajikuta hana furaha hata chembe. Akauliza kwa nini watoto hawakumwambia. Anyesi akajibu kwa upole kwamba walidhani anajua; kwani yeye si Mgogo? Jibu hilo lilimchoma, na mkewe akaliona, akamletea maji ya kunywa bila kuombwa.

Kwa hiyo sasa alijua dawa, na dawa yenyewe ilionekana nyepesi: awaamrishe watoto wataje wote. Mwalimu mwingine angeshika fimbo, na mambo yangekwisha kwa wiki moja. Yoramu alilifikiria jambo hilo siku kadhaa, maana bustani ya Mpwapwa ilikuwa mbele ya macho yake, mistari ya kabichi na yeye na ndoo. Hatimaye akajaribu. Akachora ng'ombe kumi na wanne ubaoni, akamwita Hana, binti wa miaka tisa aliyekuwa mwepesi kuliko wote, akamwambia awahesabu na aseme idadi kamili.

Hana alitazama ubao, akatazama mlango. Ng'ombe kumi na wanne ndio waliokuwa zizini kwao, jambo ambalo Yoramu hakulijua hata kidogo. Akanong'ona, "Kumi na wanne," akarudi kuketi, na kesho yake hakuja shule. Keshokutwa hakuja pia.

Yoramu akaenda kumtafuta. Akamkuta zizini kwao, amekaa kwenye jiwe karibu na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, anamkodolea macho. Alikuwa amekaa hapo siku mbili, akingoja kuona kama ataugua. Mwalimu akavua viatu, akaingia, akaketi naye kwenye samadi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamtazama ng'ombe kwa muda mrefu, akaona kwamba ana kope ndefu. Akamwambia mtoto kwamba namba ile ameifuta ubaoni.

"Yote?" akauliza Hana.

"Yote. Nimefuta na maji."

Kesho yake mtoto alikuja shule. Na Jumatatu iliyofuata akaja mtu mwingine, mtu ambaye Yoramu hakumtarajia: Matonya, baba yake Hana. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amejipaka udongo mwekundu, ndewe za masikio zimening'inia kwa pete za shaba. Akauegemeza mkuki wake ukutani, akasema amesikia hapa watu wanafundishwa namba za mabehewa, naye angependa kuzijua. La zizini hakulitaja, ila alikuwa ameliona lote akiwa upande wa pili wa boma la miiba. Akaketi mstari wa mbele. Watoto wanne nyuma yake hawakuona ubao tena, ikabidi ahamishwe nyuma, na alihama kwa heshima zote.

Wakati huo Yoramu alikuwa amekwisha kata shauri. Hatamfundisha mtoto yeyote kumtaja yule anayeachwa. Lakini Bartolomayo alikuwa mtu wa desturi zake, na maswali yake makubwa yalikuwa ya kugawa urithi: ng'ombe kadha, wana kadha, je, watagawanyika sawa, na kama hawagawanyiki watabaki wangapi? Kulikuwa na njia ya kulijibu swali hilo bila kutaja zizi la mtu. Alifundishwa misheni na mwalimu mmoja mzee, akaikariri: namna ya kutazama namba, hata iwe ndefu namna gani, ukajua papo hapo kama inagawanyika. Akasema moyoni kwamba watoto wake watakuwa wepesi mno katika hilo hata mkaguzi asahau kuuliza mengine. Ulikuwa mpango dhaifu, naye alijua ni dhaifu, lakini hakuwa na mwingine.

Akaanza na mbili na tano, maana hizo unaangalia tarakimu ya mwisho tu. Akaenda kwenye nne. Akaandika namba ya behewa, elfu tano mia saba thelathini na mbili, akafunika kwa kiganja ile tano na ile saba. Akawaeleza kwamba mia yoyote hugawanyika kwa nne, kila fungu linapata ishirini na tano, kwa hiyo maelfu na mamia hayana neno. Tazama thelathini na mbili peke yake. Watoto wakapenda sana mchezo wa kufunika. Kwa nane akafunika maelfu peke yake, akabakiza tarakimu tatu. Walipokwenda stesheni walisimama wameinua viganja hewani, wakifunika ubavu wa behewa kwa mbali, na mlinzi akadhani wanalilaani.

Kisha akafika kwenye tisa, na hapo akakwama. Kanuni aliijua: jumlisha tarakimu zote, na jumla ikigawanyika kwa tisa, namba nzima inagawanyika; isipogawanyika, kinachobaki kwenye jumla ndicho kitakachobaki kwenye namba. Elfu tatu mia moja arobaini na saba: tatu na moja na nne na saba ni kumi na tano, toa tisa, zinabaki sita. Wakagawa kwa njia ndefu kwenye udongo, zikabaki sita. Watoto wakafurahi. Matonya, kule nyuma, hakufurahi.

"Mwalimu," akasema, "hii tatu ni elfu tatu. Wewe umeifanya tatu tu. Zile nyingine zimekwenda wapi?"

Yoramu aliigeukia ile tatu ubaoni. Lilikuwa swali la haki, na katika miaka yote aliyoipenda kanuni ile hakuwahi kujiuliza. Angeweza kusema ndivyo ilivyo, kaa kimya, kama alivyoambiwa yeye. Akasema hajui. Watoto walishtuka, hawakuwahi kusikia mwalimu akisema hivyo, lakini Matonya aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa jibu zuri.

Siku nyingi zikapita. Matonya aliendelea kuja, na kila asubuhi Yoramu alimwuliza kwa macho, naye akajibu kwa kichwa kwamba bado. Ilikuwa imekuwa mashindano baina yao, ya kirafiki, ingawa mwalimu alilala nayo na kuamka nayo hata Anyesi akamwuliza kama ameoa tisa au ameoa yeye. Kisha asubuhi moja, watoto wakiwa bado wanafagia udongo wa kuandikia, Matonya akaingia na mkuki mkononi, akasahau hata kuuegemeza ukutani.

"Ni wale tunaowaacha," akasema.

Akachuchumaa, akachora kwa ncha ya mkuki. Mtu ana ng'ombe kumi. Anasema tisa, mmoja anamwacha. Tisa hao wagawe kwa wana tisa, wamekwisha. Yupo yule aliyeachwa. Mtu ana ng'ombe mia. Anasema tisini na tisa. Tisini na tisa wagawe kwa tisa, kila mmoja kumi na mmoja, wamekwisha. Yupo mmoja aliyeachwa. Elfu ni vilevile: mia tisa tisini na tisa wanaondoka, mmoja anasimama. Basi katika namba ile ya siku ile, kwenye elfu tatu wamesimama watatu, kwenye mia amesimama mmoja, kwenye arobaini wamesimama wanne, na wale saba wa mwisho hawakuwa na kundi. Wengine wote wamekwenda na wana. Waliosimama zizini ndio mwalimu anaowajumlisha.

Yoramu alichuchumaa naye, akautazama udongo muda mrefu. Aliona kweli, aliona mpaka mwisho, makumi elfu na malaki na mamilioni, kila moja ikimwacha mmoja nyuma. Kitu alichokikariri akiwa mtoto wa uji kilikuwa zizini kwa watu wake wakati wote huo, na hakuna aliyebaki wa kumwonyesha. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke mbele ya darasa zima. Akamshika Matonya mkono kwa mikono miwili, akamwambia asante, na Matonya akaona haya akasema jua linapanda, ng'ombe wanangoja.

Wiki tano baadaye Bartolomayo akafika na mwavuli wake. Alikuwa amechoka, alitoka Mlali, na kule walikuwa wamemwonyesha mahali walipoandaa pa kuweka ubao. Yoramu akampokea, akampa kiti na maji. Darasani walikuwa wanafunzi ishirini na watatu, Matonya akiwa mmoja wao, amekaa nyuma magoti yamemfika kidevuni. Bartolomayo akamtazama mtu huyo na pete zake, akaona huyu ndiye atakayempima, kwa kuwa mtu mzima haibi majibu kwa watoto.

Mzee ana ng'ombe elfu nne mia tano sabini na wawili, na wana tisa. Je, wanagawanyika sawa?

"Wanagawanyika," akasema Matonya kabla mkaguzi hajafunga mdomo. "Habaki hata mmoja."

Bartolomayo alitazama daftari lake alimokuwa amelikokotoa swali jana yake kwa nusu ukurasa. Akainua nyusi. Yoramu, kando ya ukuta, aliomba kimoyomoyo kwamba iishie hapo, lakini Bartolomayo alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza. Akauliza kila mwana atapata wangapi.

Matonya akachora kwa kidole udongoni, bila haraka. Jibu ni mia tano na wanane, na Yoramu alikwisha liona. Hana aligeuka akamtazama baba yake. Darasa zima liligeuka.

"Mia tano na saba," akasema Matonya.

Bartolomayo akashusha pumzi. Hakuwa na hasira, ila sura ilimwanguka, maana alikuwa ameanza kutumaini. Akafunga daftari. Akasema kwa upole kwamba mwaka jana hivihivi na mwaka huu hivihivi, na yeye ana amri ya kufuata.

Hapo Yoramu angeweza kumtazama Matonya, na Matonya, kwa ajili ya mwalimu, pengine angemtaja yule mmoja. Alijua hivyo, na ndiyo sababu hakumtazama. Akatoka ukutani akasimama katikati.

"Baba, hakukosea," akasema. "Amemwacha mmoja. Kwa hawa, ng'ombe wakitajwa wote, wamekwisha. Mimi sikuwafundisha kumtaja na sitawafundisha, hata nikae bustanini maisha yangu yote. Kama ni kosa, liandike ni la kwangu."

Mbuzi akapita juu ya paa, vumbi likamwangukia mkaguzi begani, naye hakulipangusa. Akauliza ni nani aliyewaambia kwamba elfu nne hizo zinagawanyika, kwa kuwa hakuona mtu akigawa. Matonya akamweleza habari ya waliosimama zizini, kama alivyomweleza mwalimu, akichora. Bartolomayo akasikiliza ameinama. Alipomaliza, mzee akachukua chaki, akaandika ubaoni tarakimu tisa mfululizo kama zilivyomjia, 731204859, akasema hizi si ng'ombe, ni punje za uwele, na zigawiwe kwa tisa.

Hana alinyoosha kidole. "Zitabaki tatu, shikamoo," akasema, maana alikuwa amesahau kumwamkia.

Bartolomayo akaitikia marahaba, akageukia ubao. Akagawa mwenyewe, kwa njia ndefu, tarakimu kwa tarakimu, chaki ikilia, na mara moja akakosea akafuta kwa mkono wa koti. Darasa likamngojea kwa heshima. Mwisho wa mstari wa mwisho zikabaki tatu. Akasimama akizitazama, na mgongo wake haukuonyesha kitu.

Kisha akawaambia watoto waende nje wakacheze, na Matonya aende kwa ng'ombe wake. Akatoka nao mpaka mlangoni. Yoramu alimwona kwa macho yake akiwahesabu kwa kidole walipokuwa wakikimbia, na Matonya akavuka uwanja na mkuki wake, naye akahesabiwa. Akawahesabu tena mara ya pili. Halafu akaketi kitini, akafungua daftari gotini, akaandika kwa muda mfupi tu, akampa Yoramu asome, kwa kuwa ilikuwa desturi mwalimu wa shule aweke jina lake chini ya taarifa.

Iliandikwa: Shule ya Miyuji iendelee. Mwalimu abaki. Ubao ubaki. Wanafunzi, ishirini na wawili.

Yoramu aliinua uso ili aseme ni ishirini na watatu. Bartolomayo alikuwa ameinama akikaza kamba za buti zake, na alizikaza polepole sana, kamba ambazo hazikuwa zimelegea.

"Umesoma?" akauliza mzee, bila kuinuka.

"Nimesoma, baba."

"Pana kosa?"

Nje, Hana alikuwa akimfukuza mwenzake kuzunguka tembe, na wengine walikuwa wakishangilia. Yoramu hakutaka kuwahesabu.

"Hakuna," akasema, akaandika jina lake.